Tuta la bwawa letu linavuja kwa chini: je, tuliinue kabla ya mvua?

Swali: "Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, nami ni katibu wa kamati ya maji. Tuna bwawa dogo la udongo lililojengwa zamani kwa nguvu za wanakijiji. Tuta lake lina kimo cha mita 4 na urefu wa mita 70 hivi, na bwawa likijaa maji huwa na kina cha mita 3. Familia kama 120 huteka hapo, lakini kila mwaka linakauka mwishoni mwa Septemba. Wengi wanataka tuongeze mita moja ya udongo juu ya tuta kabla ya mvua za Novemba. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu upande wa nje, chini kabisa, karibu na bomba la chuma linalopita ndani ya tuta, ardhi hutoa maji hata kiangazi na majani yake ni mabichi siku zote. Tufanye nini?"

Jibu: Ndugu katibu, wasiwasi wako una msingi, na ningeomba kamati isome jibu hili yote kabla mtu yeyote hajapandisha karai la kwanza la udongo juu ya tuta hilo. Msiliinue mwaka huu. Mwaka huu mshughulikie mvujo na njia ya kupitishia maji ya ziada, na maji mnayoyatafuta kwa kuinua tuta myatafute kwa njia nyingine ambayo nitaieleza hapa chini.

Lakini nianze kwa kuwatendea haki wanaotaka kuinua, maana hesabu yao si mbaya. Ujazo wa bwawa dogo la bondeni hukadiriwa kwa kuzidisha kina cha maji penye tuta, upana wa maji hapo hapo, na umbali ambao maji yamerudi nyuma bondeni, kisha kugawanya kwa 6. Tuseme bwawa lenu likijaa lina kina cha mita 3, upana wa mita 60, na maji yanarudi nyuma mita 150. Mtapata mita za ujazo 4,500. Kina kikifika mita 4, maji yatapanuka pande zote, labda mita 70 kwa 200, na hesabu ile ile itatoa zaidi ya mita za ujazo 9,000. Mita moja tu ya udongo inaongeza maji zaidi ya maradufu, na mtu aliyebeba bidoni kichwani kutoka mbali mwezi wa kumi hawezi kulaumiwa kwa kuitamani mita hiyo.

Kinachosahaulika ni kwamba msukumo wa maji dhidi ya tuta hauongezeki kwa kiasi kile kile cha kina, bali kwa kina kuzidishwa kwa chenyewe. Kina cha 3 kinatoa 9, kina cha 4 kinatoa 16, kwa hiyo tuta lile lile litasukumwa kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya ile ya zamani, na maji yanayopenya chini yake yatasukumwa zaidi pia, mahali pale pale ambapo tayari yamepata pa kutokea. Tena kuinua tuta si kuweka udongo juu ya kilele peke yake. Tuta la udongo wa kawaida huhitaji mteremko wa ndani unaoenda mita 3 mbele kwa kila mita 1 ya kimo, mteremko wa nje usiopungua mita 2 kwa kila mita 1, na kilele chenye upana wa mita 3 ili mtu aweze kupita na kulitengeneza. Hivyo mita moja ya kimo inadai mita 5 zaidi za upana kwenye kitako, kwa urefu wote wa bonde. Udongo huo wote unatakiwa kutandazwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likiwa na unyevu wa kutosha na kushindiliwa kabla ya lingine, huku lile la zamani likichongwa ngazi ngazi ili mpya ushikane nalo. Udongo uliomwagwa juu kwa haraka mwezi wa Oktoba hautakuwa tuta. Utakuwa lundo lenye nyufa, na mvua ya kwanza kubwa italikuta bado linatitia.

Sasa nije kwenye mvujo, ambao ndio kiini cha swali lako. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na ardhi yenye unyevu chini ya tuta si lazima iwe ishara ya maafa. Hatari huanza pale maji yanapobeba udongo. Chembe hung'oka kwanza upande wa nje, mahali maji yanapotokea; kisha tundu hurefuka kurudi nyuma kuelekea bwawani, na kadiri linavyorefuka, ndivyo njia iliyobaki inavyokuwa fupi na maji yanavyozidi kasi. Kazi hii inaweza kuchukua miaka bila mtu kuona chochote, halafu ikamalizika kwa saa chache. Tarehe 5 Juni 1976, bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lililokuwa tuta la udongo lenye kimo cha zaidi ya mita 90 na lililojengwa na wahandisi wa serikali, lilionekana likitoa maji machafu asubuhi, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa. Tuta lenu ni dogo sana likilinganishwa na lile, lakini udongo na maji hufuata kanuni zile zile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima, na vifaa mnavyo nyumbani. Chini ya sehemu yenye maji, chimbeni mfereji mfupi unaoyakusanya yote pamoja, wekeni kipande cha bati kilichokunjwa ili yaanguke sehemu moja, na kingeni kwa ndoo ya lita 10 huku mtu akitazama saa. Andikeni tarehe, sekunde ndoo ilizochukua kujaa, na kimo cha maji bwawani siku hiyo, ambacho mtakisoma kwenye nguzo iliyotiwa alama kila sentimita 10 na kusimikwa majini. Kimo hicho ni cha lazima, kwa sababu mvujo huongezeka bwawa likijaa na hupungua likishuka, na mabadiliko hayo ni ya kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni mvujo kuongezeka wakati kimo cha maji ni kile kile. Fanyeni hivyo kila wiki, na kila siku wakati wa mvua kubwa.

Pamoja na ndoo, chukueni chupa ya plastiki isiyo na rangi, ijazeni maji ya mvujo na muiache imesimama mpaka asubuhi. Kama chini ya chupa hakuna kitu, au kuna utando mwembamba usiobadilika wiki hadi wiki, maji yanapita bila kula tuta. Kama kuna tabaka la udongo mwekundu unaoweza kulipima kwa kidole, tuta linaliwa. Msizimwage chupa hizo. Ziandikeni tarehe na kuzipanga kwa mfuatano, maana macho ya watu husahau jinsi maji yalivyokuwa mwezi uliopita na hubishana bure.

Kuna kipimo cha tatu ambacho nakipenda kwa sababu kinaonyesha tabia ya udongo wenyewe. Toeni kipande kikavu cha udongo wa tuta, chenye ukubwa wa punje ya mahindi, mkitumbukize taratibu katika glasi ya maji ya mvua, bila kukoroga, na mkikague baada ya dakika 10 na tena baada ya saa moja. Udongo mzuri unaweza kumeguka na kukaa kama kilima kidogo chini, lakini maji yanabaki safi. Udongo mbaya hutoa wingu jepesi linalosambaa chini ya glasi pande zote na halitulii. Udongo wa namna hiyo huyeyuka katika ufa mwembamba hata kama maji hayana mwendo mkali, na tuta lililojengwa kwa udongo huo halifai kabisa kuinuliwa. Tumieni maji ya mvua kwa kipimo hiki, kwa kuwa maji ya kisima yenye chumvichumvi yanaweza kuficha ubaya wake.

Bomba la chuma ndilo ninalolishuku zaidi. Ni vigumu kushindilia udongo vizuri chini ya tumbo la bomba, na maji hupenda kufuata mstari huo kwa nje kutoka bwawani mpaka upande wa pili. Chuma nacho kikioza, maji yenye msukumo hutoka kwenye matobo na kuingia katikati ya tuta. Subirini bwawa likauke, kama linavyofanya kila Septemba, kisha mlikague bomba kwa tochi kutoka pande zote mbili. Likiwa limeoza, au kama mvujo unatokea kando yake, jibu salama ni kulijaza lote kwa uji wa saruji na kuachana nalo. Msilichimbe na kuling'oa, maana mtakata tuta katikati na hamtaweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Maji ya kutumia yatatolewa kwa bomba la plastiki linalopita juu ya kilele na kushuka upande wa nje: mnalijaza maji huku ncha zote mbili zimefungwa, kisha mnazifungua, na maji yanapanda na kujivuta yenyewe mpaka kituo cha kuteka. Kwa bwawa la kimo chenu njia hiyo inafanya kazi vizuri, na koki inakaa chini upande wa nje, ambako mtu yeyote anaifikia.

Mahali penyewe penye maji, msipazibe. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu wazo la kwanza la kila kamati ni kumwaga udongo wa mfinyanzi juu ya mvujo na kuushindilia hadi pakauke. Panakauka kweli, kwa wiki chache, lakini maji yaliyokosa pa kutokea hujikusanya ndani, tuta hulainika, na mteremko wa nje huporomoka wenyewe. Mvujo wa upande wa nje hupewa mlango, na mlango huo hujengwa kwa namna inayoruhusu maji kutoka na kuzuia udongo kutoka. Ondoeni majani na udongo wa juu, tandazeni mchanga safi wa mtoni wenye chembe nene, unene wa sentimita 30, juu yake kokoto unene kama huo, na juu ya kokoto mawe ya kutosha kuleta uzito. Mchanga unazuia udongo wa tuta, kokoto zinazuia mchanga, mawe yanashikilia yote. Mchanga uwe safi kweli: uushike ukiwa na unyevu, uukamue kiganjani, na ukifungua mkono ukabaki donge, una udongo ndani yake na haufai. Fanyeni vivyo hivyo kuzunguka ncha ya nje ya lile bomba mlilolijaza saruji.

Hapa ndipo kuna maji ambayo kijiji chenu hakijayahesabu. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 100, ni lita 8,640 kwa siku, yaani bidoni 432 za lita 20. Familia 120 zenye watu sita sita, kila mtu akitumia lita 20, zinahitaji lita 14,400. Mvujo ambao watu wanaupita bila kuutazama unaweza kuwa zaidi ya nusu ya mahitaji ya kijiji. Ndani ya lile tabaka la kokoto lazeni bomba la plastiki lililotobolewa matundu madogo, lipeleke maji kwenye tangi la matofali lenye mfuniko, na mtakuwa mmepata kituo cha pili cha maji yaliyokwisha kuchujwa na mchanga, huku pia mkipata mahali pazuri pa kupimia ndoo yenu kila wiki.

Njia nyingine ya kuongeza maji ni kuchimba sakafu ya bwawa. Jua la kiangazi huku Katanga hunyonya karibu milimita 5 kwa siku, na kuanzia Mei hadi Septemba hiyo ni robo tatu ya mita ya maji inayopaa kutoka kila mahali pa wazi. Maji mapana yasiyo na kina hupotea upesi kuliko maji ya kina yenye uso mdogo, kwa hiyo kila mita ya ujazo mnayoipata kwa kuchimba chini ina thamani kuliko ile mnayoipata kwa kuyatandaza maji mbali zaidi bondeni. Tena bwawa la zamani lazima limejaa matope, hasa pale ambapo miti ya juu ya bonde imekatwa kwa ajili ya makaa na mashamba yamefika ukingoni. Toeni matope hayo Septemba na Oktoba, mkianza katikati ya bwawa. Msichimbe ndani ya mita 10 kutoka kwenye tuta, na mkifika kwenye tabaka la changarawe nyekundu, simameni na kulifunika upya kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, la sivyo mtakuwa mmefungua tundu chini ya bwawa lenyewe. Udongo wa vichuguu, ambao kwetu hufyatuliwa matofali, unafaa kwa kazi hiyo baada ya kupita kipimo cha glasi, mradi mchwa na mapango yao yote viondolewe na madonge yapondwe. Lakini kichuguu kilicho ndani ya tuta au kando ya kitako chake ni adui, kwa sababu njia za mchwa ni mabomba yaliyokwisha kuchimbwa. Kichimbeni mpaka mwisho wake na kujaza shimo kwa matabaka.

Utoro wa maji, yaani mkondo wa pembeni unaopitisha maji ya ziada wakati wa mvua kubwa, hukuutaja kabisa katika swali lako, na kimya hicho kinanitia shaka. Matuta mengi ya udongo yaliyobomoka duniani yalibomoka kwa sababu maji yalipita juu ya kilele, na udongo hauhimili maji yanayoporomoka juu yake hata kwa saa chache. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wanakumbuka Solai, karibu na Nakuru nchini Kenya, ambako usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa la udongo katika shamba lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa chini yake.

Pigeni hesabu ya utoro wenu hivi. Kama bonde linaloleta maji bwawani lina ukubwa wa kilomita 2 za mraba, na ikanyesha milimita 60, na theluthi moja ya mvua hiyo ikashuka mpaka bwawani, hizo ni mita za ujazo 40,000, karibu mara tisa ya bwawa zima. Zikifika kwa muda wa saa mbili, utoro unatakiwa kupitisha zaidi ya mita za ujazo 5 kila sekunde. Maji yanayopita kwenye sakafu bapa yakiwa na kina cha nusu mita yanatoa takriban mita za ujazo 0.6 kwa sekunde kwa kila mita ya upana, kwa hiyo utoro wa mita 10 ndio unaoanza kutosha. Upimeni wa kwenu kwa kamba. Uwe umechimbwa katika ardhi asilia pembeni mwa bonde, kamwe si juu ya udongo wa kujazia. Sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta kwa mita moja, na mwisho wake upeleke maji mbali na kitako cha tuta. Mtu akiweka magunia ya mchanga katika utoro mwezi wa Machi ili bwawa lishike maji zaidi, au akitega wavu wa samaki unaokamata majani, yaondolewe siku hiyo hiyo bila kungoja kikao. Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo, na bado ni tendo la hatari kuliko yote yanayoweza kufanywa kwenye bwawa dogo.

Juu ya tuta lenyewe pandeni nyasi fupi zinazotambaa, msipande mti wowote, na ng'ombe wasipite hapo. Kuhusu usafi wa maji nitasema machache. Maji ya bwawa la wazi si ya kunywa kabla ya kuchemshwa au kutiwa klorini, na watoto wasiogelee kwenye ukingo wenye majani, ambako konokono wa kichocho hukaa. Kama juu ya bonde kuna watu wanaochimba au kuosha madini, kuchemsha hakutasaidia, kwa maana shaba na kobalti haziondoki kwa moto. Chukueni maji hayo yapimwe katika maabara mjini Lubumbashi kabla ya kuendelea kuyatumia.

Baada ya majira mawili ya mvua, kama daftari lenu linaonyesha mvujo usioongezeka kwa kimo kile kile, chupa zenu ni safi, udongo umepita kipimo cha glasi na utoro umepanuliwa, suala la kuinua tuta linaweza kufunguliwa tena, safari hiyo mkiwa na mhandisi aliyesimama kwenye tuta lenyewe, na idhini ya wakuu wanaohusika na maji, kwa kuwa nchi yetu ina sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 na kazi ya namna hiyo si ya kijiji peke yake.

Kwa mvua za mwaka huu, chagueni watu wawili wa kulala zamu karibu na tuta kila usiku wa mvua kubwa, wenye tochi na filimbi. Wakiona mvujo umegeuka kuwa wa tope, au mchanga unachemka chini ya kitako, yaani maji yanabubujika huku yakirusha mchanga, au ufa mpya unaofuata urefu wa kilele, kazi yao ya kwanza ni kuwaondoa watu walio chini ya bonde. Mchanga, kokoto na mawe kuwekwa juu ya mvujo, na mabomba ya plastiki kushusha maji, vitafuata baadaye. Pitieni bonde hilo sasa, kabla ya Novemba, mwandike kila nyumba iliyo chini, kila bustani ya lengalenga (mchicha) ambako mtu hulala kulinda, na kila tanuri la matofali lenye vijana wanaokesha na moto, na kila mmoja wao ajue filimbi ile ina maana gani na akimbilie upande upi.